Jozi Thelathini na Nane Mlangoni

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu. Nawasalimu wazee wa kanisa, akina mama, vijana, na nyinyi watoto mliokaa huku mbele ambao mmeshaanza kunicheka. Mchungaji ameniambia nisimame hapa hapa penye kipaza sauti, nisitembeetembee, kwa sababu waya ni mfupi. Nitajitahidi. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi kusimama mahali pamoja ni ushuhuda tosha, ningeweza kuishia hapo nikarudi kwenye benchi.

Naitwa Zakaria. Wengi mnaniita Mwalimu Zaka, ingawa ualimu sijausomea. Kazi yangu ni ukaguzi kwenye kiwanda kimoja kule Zegereni, tunatengeneza ndoo za plastiki. Ndoo inapita mbele yangu, naangalia mdomo, naangalia kitako, naangalia mkono wake, naipitisha au naitoa, na nyingine hiyo inakuja. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Kwetu ni Tabora, mimi ni Mnyamwezi, lakini nilioa Mzaramo wa Maneromango, kule Kisarawe, na watani zangu walinicheka sana wakati ule kwamba nimejipeleka utumwani kwa miguu yangu mwenyewe.

Mke wangu mlimjua. Debora. Ndiye aliyekianzisha kipindi cha watoto hapa usharikani. Watoto wanatoka shule saa nane, wazazi wako viwandani mpaka jioni, basi wanapita kanisani, wanakunywa uji, wanafanya hesabu zao, wanasoma, wanaimba, wanaomba, saa kumi na moja wanakwenda makwao. Sisi Mungu hakutujalia mtoto. Debora alikuwa anakaa pale mlangoni kwenye kigoda, na kila mtoto anayeingia anampa mkono na kumwuliza jambo moja. Jambo lolote tu. Umekula nini, nani kakusuka, mbona unakohoa. Mimi nikija kumpitia nasimama nje naangalia saa, namwambia, mke wangu, hawa watoto utawasalimia mpaka lini? Anacheka, ananiambia, tangulia, nakuja.

Miaka mitatu iliyopita aliugua wiki mbili, akafariki. Tukampeleka kwao Maneromango kumzika.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo aibu yangu ilipo, na nitaisema haraka kabla sijabadili mawazo. Tulizika siku ya Alhamisi. Msiba kule unakaliwa. Mfiwa anakaa mkekani, watu wanakuja kumpa pole, wanakaa naye hata bila kusema neno, mpaka siku ya kuanua matanga. Mimi Ijumaa asubuhi nilisema nimeitwa kazini. Hakuna aliyeniita. Meneja alikuwa amenipa wiki nzima. Nilichukua begi langu, nikavaa viatu vyangu pale mlangoni wakati mama mkwe yuko uani anachochea moto wa chai ya waombolezaji, nikapanda pikipiki mpaka Kisarawe mjini. Matanga yalianuliwa mfiwa hayupo. Kwa watu wa kule, na hata kwetu Unyamwezi, jambo hilo halina jina zuri.

Mtaniuliza kwa nini. Nilishindwa kukaa. Kila nikikaa, kuna kitu kinapanda kutoka tumboni kuja kifuani, na nikisimama kinashuka. Basi nikawa mtu wa kusimama. Nilirudi Kibaha, nikaomba zamu za ziada. Nyumbani nilifagia uwanja asubuhi na jioni mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza sindano. Chakula nilikula nimesimama, sahani juu ya ndoo. Jumapili nilikuja ibada ya kwanza na ya pili, nikajiunga na kwaya mbili, nikaingia kamati ya ujenzi. Mkasema Zakaria sasa amewaka moto kwa Bwana. Ndugu zangu, ulikuwa moto kweli, ila sidhani kama ulikuwa wa Bwana.

Na kule Maneromango mama mkwe alikuwa akituma salamu. Kila anayetoka kule ananiambia, mama anakuulizia. Namjibu, mwambie nakuja. Nimemwambia hivyo miaka mitatu.

Kipindi cha watoto kilipokosa mtu, mama Rahel, ambaye ndiye anayewapikia uji, akaniomba nimsaidie. Zamu yangu inaisha saa saba. Nilikubali kabla hajamaliza kuniomba. Mlinipigia makofi hapa hapa kanisani, mkasema huyu mgane ameamua kuienzi kazi ya mkewe. Leo nawaambia ukweli mbele za Mungu. Sikwenda kwa ajili ya watoto. Nilikwenda kwa sababu kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja nyumba yangu ilikuwa inanyamaza vibaya sana.

Lakini kazi niliichapa. Nilileta utaratibu wa kiwandani. Kigoda cha Debora nilikipeleka stoo, maana kilikuwa kinaziba njia. Kupeana mikono nikakufuta, kunachelewesha uji. Na kuhesabu watoto nikakurahisisha, sikilizeni jinsi nilivyofanya. Kiwandani hatuhesabu ndoo. Ndoo zinapangwa moja ndani ya nyingine, huwezi kuziona zote. Tunahesabu mifuniko. Mifuniko mia, ndoo mia, unasaini, unaondoka. Sasa hapa watoto wanavua viatu mlangoni, kwa sababu mama Rahel hataki vumbi kwenye mikeka yake. Nikasema, basi kazi imekwisha. Jozi thelathini na nane mlangoni, watoto thelathini na nane ndani. Sina haja hata ya kuingia. Nasimama nje, nahesabu, naandika kwenye daftari, naenda kukagua choo, naenda kukagua bomba, naenda kumwuliza mama Rahel kama kuni zinatosha.

Na maombi ya Ijumaa nayo nikayapunguza. Zamani kila mtoto alikuwa anasema ombi lake. Huyu mbuzi wao amepotea, yule baba yake aache pombe, mwingine anataka apate meno ya mbele kabla ya kipaimara cha dada yake. Ilikuwa inachukua saa nzima. Mimi nikawaambia, kila mtu aliweke ombi lake moyoni, Mungu anajua. Nahesabu mpaka kumi. Amina. Na nilijiona nina hekima.

Kulikuwa na binti mmoja, yupo pale mstari wa pili, amenipa ruhusa nimtaje. Yunisi. Wakati huo yuko darasa la tatu. Mwembamba, sauti yake ya chini mpaka umwinamie. Mama yake anafanya kazi kiwanda cha jirani na chetu, zamu ndefu, hutoka saa kumi na mbili. Viatu vyake vya shule ni vyeusi, na cha kushoto kamba yake ilikatika, akafungia uzi mwekundu wa kufumia. Mimi Yunisi nilikuwa namjua kwa uzi huo kuliko kwa sura.

Ndani ya siku chache Yunisi alinijia mara tatu. Ijumaa aliniambia, "Mwalimu, nina ombi," nikamwambia liweke moyoni. Jumatatu akaniambia kuna kitu anataka kuniambia, nikamwambia ngoja nigawe madaftari, na nilipomaliza kugawa nikaenda kukagua bomba. Jumanne alinifuata mpaka bombani. Nikamwambia kesho. Nakumbuka nilimwambia huku nafunga koki, sikugeuka.

Kesho yake ndiyo siku yenyewe.

Saa tisa nilihesabu viatu, jozi thelathini na nane. Saa kumi nikahesabu tena, thelathini na nane. Nikaandika. Saa kumi na moja watoto wakatoka, kila mmoja anachomoa viatu vyake, makelele, vumbi, kwaheri mwalimu, kwaheri mwalimu. Uwanja ukatulia. Mlangoni ikabaki jozi moja. Uzi mwekundu.

Nilifikiri yuko chooni. Nikaita. Nikafikiri amelala mkekani, nikaingia ndani, mara ya kwanza siku ile kuingia ndani. Mikeka mitupu. Nikawakimbilia watoto waliokuwa bado barabarani, nikawauliza, Yunisi mmemwona? Wakatazamana. Mtoto mmoja akasema, "Yunisi alikunywa uji tu, mwalimu. Kwenye kusoma hakuwepo."

Ndugu zangu, kuna baridi inayomwingia mtu jua likiwa linawaka. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mara mbili kwamba yupo.

Mama Rahel alivua aproni, akasema yeye anakwenda kiwandani kumtafuta mama yake mtoto, kwa sababu kule simu zinaachwa getini, huwezi kumpigia. Mimi nikakimbia nyumbani kwao. Hakuna mtu, kufuli mlangoni. Nikakimbia shuleni. Nikakimbia kisimani. Nikakimbia barabara kuu. Nilikuwa nimevishika vile viatu mkononi, na sikujua kwamba nimevishika mpaka mama mmoja anayeuza machungwa aliponiuliza, "Baba, unamtafuta yule mtoto wa peku?" Akasema amempita pale kama saa tisa na kitu, sweta la kijani, hana viatu, anafuata barabara kuelekea Kiluvya, anatembea kama mtu mwenye safari.

Hapo nikakumbuka neno moja ambalo mama yake aliwahi kusema wakati wa kumwandikisha, kwamba bibi yake mtoto yuko Msimbu, kule Kisarawe. Na kutoka Kiluvya kuna njia ya vumbi inayokatiza kwenda upande wa Kisarawe. Mtu mzima hiyo safari ataifikiria mara mbili. Huyu ana miaka tisa.

Nikachukua bodaboda. Mwenye pikipiki anaitwa Shabani, mtu mzima, baba wa watoto watano, wengi mnamjua pale kituoni. Nikamwambia kimbiza. Akaniuliza wapi. Nikamwambia wewe kimbiza tu, nitakuambia njiani. Akazima pikipiki. Akasema, "Mzee, pikipiki haiendi tu. Niambie wapi." Nikamwambia, tukaondoka, mimi nimeukumbatia mgongo wake na viatu vya mtoto viko katikati yetu.

Tulishika ile njia ya vumbi. Kila tukiona watu tunapunguza mwendo nauliza, kabla hawajamaliza kujibu namgonga Shabani begani, twende. Tulipita vibanda, tulipita mashamba ya mihogo, tulipita wachoma mkaa. Nilikuwa naangalia mbele, na mbele hakuna mtoto. Nikaanza kuona mambo ambayo sitayasema hapa mbele ya watoto. Jua lilikuwa linashuka. Nilikuwa nasema, Bwana, Bwana, Bwana, na hata hilo nilikuwa nalisema kwa haraka, simpi nafasi ya kujibu.

Ndipo tairi la nyuma likapata pancha.

Niliteremka nikaanza kutembea kwa miguu. Shabani akaniita, "Mzee, unakwenda wapi?" Nikamwambia namfuata mtoto. Akaniambia, "Huyo mtoto ametembea saa mbili hajala. Mpaka hapa tulipofika hawezi kuwa amefika, labda awe amepata lifti. Na kama amepata lifti, wewe kwa miguu hutamfikia." Akaonyesha nyuma, akasema tumepita fundi pancha pale kwenye mikorosho, anasukuma pikipiki mpaka pale anarudi. Nikamwambia tunakwenda wote. Akanitazama, akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye Biblia yangu ukurasa wa nyuma, ingawa yeye ni Mwislamu na alikuwa na hasira. "Mzee, wewe kaa hapa hapa. Kaa. Nisije nikaanza kukutafuta na wewe."

Akaondoka anasukuma pikipiki yake. Palikuwa na gogo kando ya njia. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Simu mtandao unashika na kuachia. Nyumba hakuna. Ndugu zangu, miaka mitatu nilikuwa na mahali pa kwenda, na siku hiyo sikuwa napo. Nikakaa.

Na kile kitu kikapanda.

Safari hii sikusimama. Nilikuwa nimeviweka vile viatu mapajani, nikawa navitazama, vidogo, vimelika upande wa nje, na nikamkumbuka Debora mlangoni na mkono wake. Nikakumbuka kwamba wiki zile mbili za ugonjwa wake aliniambia, "Baba, hebu kaa kidogo hapa kitandani," nami nikamwambia ngoja nichemshe maji, ngoja nikanunue dawa, ngoja nimpigie daktari. Maji yalichemka. Dawa nilinunua. Kukaa sikukaa. Nililia pale juu ya gogo, mwanamume mzima, nililia msiba wote ule nilioukimbia Maneromango, na hapakuwa na mtu wa kunipa pole. Nikasema, "Bwana, nimekaa. Sasa nimekaa. Sina kingine."

Sijui nilikaa muda gani. Najua kivuli cha gogo kilikuwa kimevuka njia. Nikasikia mtu anavuta miguu kwenye vumbi, nyuma, upande ule tuliotoka. Nikageuka. Sweta la kijani.

Tulikuwa tumempita. Mama mmoja kwenye kile kibanda cha kwanza kabisa alimwona miguu imechoka, akamwingiza uani, akampa maji na kipande cha muhogo. Sisi tukapita na vumbi letu. Mimi nilimwuliza mume wa yule mama, pale pale nje, mmemwona mtoto? Naye alikuwa anafungua mdomo kujibu nilipomgonga Shabani begani. Nilimtafuta kwa kukimbia, nikamwacha nyuma. Nilipokaa, akanifikia.

Sisemi kwamba Mungu alitoboa tairi. Shabani anasema ni msumari, na alinionyesha huo msumari. Mimi nasema tu kilichotokea.

Yunisi aliponiona alisimama. Hakukimbia. Akasema, "Shikamoo mwalimu." Mguu wa kulia ulikuwa na mwiba na damu imekauka. Nilitaka kusimama nimwendee, nimshike, nimgombeze, nimbebe, vyote kwa pamoja. Nikajizuia. Nikampisha kwenye gogo. Akakaa. Nikautoa mwiba, tukakaa. Nikamwambia, "Sasa niambie lile ulilotaka kuniambia."

Akaniambia. Bibi yake wa Msimbu anaumwa, amevimba mguu hatembei, na mama amekosa ruhusa kazini, anasema mpaka mwisho wa mwezi. Nikamwuliza, mbona nilikuambia Mungu anajua? Akasema, "Ndiyo, Mungu anajua. Lakini bibi hajui kama sisi tunajua."

Nikamwuliza swali la pili, nikamwonyesha viatu. Kwa nini uliviacha? Akanijibu kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo la wazi. "Wewe unahesabu viatu, mwalimu. Nikaviacha ili usihangaike. Wewe unahangaika sana."

Ndugu zangu, nimehubiriwa na wainjilisti wakubwa. Sijawahi kuhubiriwa hivyo.

Shabani alirudi na pikipiki, kumbe mtoto alikuwa amempita yeye na fundi wameinamia tairi nyuma ya mikorosho. Akamkuta mtoto, akashusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, nami nikasema Amina. Tulirudi Kibaha giza limeshaingia. Mama Yunisi alikuwa hapa uwanjani na mama Rahel. Alimkumbatia mtoto, akamkagua mguu, akampa mama Rahel ampeleke ndani. Kisha akaja mbele yangu. Hakupaza sauti. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikukabidhi mtoto. Sikukukabidhi viatu."

Sikujitetea. Nilimwambia, ni kweli dada yangu, nimekukosea, nisamehe. Hakujibu siku hiyo. Nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia naacha kazi ya watoto, mimi sifai. Akaniambia, "Huachi. Hiyo ndiyo itakuwa safari nyingine ya kukimbia. Kesho njoo, ukae."

Jumamosi iliyofuata mama Yunisi aliomba ruhusa tena, na mara hii meneja wake aliposikia mtoto alitembea kwa miguu, akampa. Akanitumia ujumbe mfupi. Mwalimu, tunakwenda Msimbu, kama unataka kumwomba radhi na bibi, njoo. Tulikwenda watatu. Bibi tulimkuta amelala kibarazani, mguu umevimba kweli. Alipomwona Yunisi alicheka mpaka akakohoa. Baada ya chai mjomba wake Yunisi akaja na gari la jirani wakampeleka hospitali, na leo bibi anatembea kwa mkongojo, anapalilia mihogo yake, ametutumia salamu kanisa zima.

Mimi nilibaki barabarani. Mama Yunisi na mtoto wamekwenda na bibi, na mimi nina njia mbili. Huku ni kurudi Kibaha. Huku ni Maneromango. Nilisimama pale nikaangalia saa. Nikasema, zamu yangu ni Jumatatu. Nikasema, uwanja sijafagia. Nikasema, nitakwenda na zawadi, siwezi kwenda mikono mitupu, kwa hiyo nitakuja wiki ijayo nimejiandaa. Mnaona jinsi ninavyojua kujitafutia safari. Halafu nikamkumbuka mtoto wa miaka tisa ambaye hakuwa na zawadi, wala nauli, wala viatu, na alikwenda.

Nilifika mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe alikuwa ameketi sebuleni mlango wazi, anachambua mchele. Amezeeka, ndugu zangu. Miaka mitatu imemla. Nilivua viatu mlangoni, nikainama, "Shikamoo mama." Nilikuwa na hotuba ndefu, niliipanga njia nzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, na nilitamani anilaumu, kwa sababu mtu akikulaumu unapata pa kuanzia. Akasema, "Marahaba, mkwe wangu. Umechoka. Kaa."

Nikakaa mkekani. Kile kitu kikapanda, nikakiacha kiendelee kupanda. Mama naye aliendelea na mchele wake, na machozi yake yanadondokea kwenye ungo. Tulikaa hivyo. Wakaja majirani wawili, wakanitambua, wakavua ndala zao wakakaa nao. Mzee mmoja mtani wangu akanong'ona kwamba Mnyamwezi ametoroka msiba miaka mitatu, faini yake ni kuku, na watu wakacheka kidogo, mama naye akacheka. Wakaendelea kukaa nami. Ndipo nilipojua kwamba matanga yangu yalikuwa hayajaanuliwa, yalikuwa yananisubiri.

Jua lilipoanza kuinama, mazoea yakanirudia. Nikaangalia saa. Nikajikohoza. Nikaanza kusema, "Mama, mimi sasa…" Mama mkwe hakunitazama. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa anacheza nje, akamwambia, "Chukua viatu vya mkwe wangu, viingize ndani. Viweke chumbani."

Nikavitazama viatu vyangu vinapita mbele yangu, vimeshikwa na mtoto, vinaingia chumbani, pazia likafunga. Sentensi yangu sikuimalizia. Nililala kule. Jumapili tukaenda kanisani, tukaenda kaburini, nikapanda ua, nikakaa pale chini kwenye udongo pembeni ya Debora mpaka nikatosheka. Nilimweleza habari za watoto, mmoja mmoja.

Kigoda kimetoka stoo. Wazazi mnapowaleta watoto mnanikuta mlangoni nimekikalia, na uji unachelewa, na mama Rahel ananung'unika. Viatu sihesabu. Nahesabu mikono. Ijumaa maombi yanachukua saa nzima na robo, na yule wa meno ameshayapata.

Namshukuru Mungu aliyenifuata miaka mitatu wala hakuchoka. Namshukuru mama Yunisi kwa kunisamehe, na Shabani kwa kunifokea. Sasa nakuomba wewe ndugu yangu uliyekaa ukingoni mwa benchi, mguu unatikisika, umeshashika ufunguo mkononi na ibada haijaisha. Nakujua. Nilikuwa nakaa hapo hapo. Unayemkimbia hana haraka na wewe, anakungoja, na hana lawama kama unavyodhani. Mwamini. Vua viatu, mwache aviingize ndani.

Mchungaji, waya sijaukata. Naomba sasa nirudi nikakae.